Pikapu ya Mzee Aidani na Jina la Mjukuu

Hapo zamani, wala si zamani ya kusingizia, ni ile ya juzijuzi ambayo hata mimi nilikuwa na meno yote, aliishi juu kabisa ya milima ya Njombe mzee aitwaye Aidani Mgaya. Alikuwa na pikapu kuukuu kuliko pikapu zote za dunia. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva, na ukiwafukuza walikutazama kama wewe ndiye mgeni.

Jumatatu simu ikaja kutoka hospitali ya wilaya. Binti yake Tumwitike amejifungua kwa kupasuliwa, mtoto wa kike, wote wazima, Ijumaa wanaruhusiwa. Mzee akaruka kwa furaha, kisha akanywea. Mlima ule ulipandwa na bodaboda tu, na mwenye mshono mbichi hapandi bodaboda. Gari kijijini lilikuwa hilo moja, nalo halikuwa limenguruma mwaka mzima.

Akasimama uani, akatangaza: "Jina la mjukuu huyu ni mimi babu wa kulitoa. Lakini atakayeniwashia gari hili, haki hiyo nampa yeye!"

Wee! Jina si pipi. Mkwewe Joramu, baba wa mtoto, alitaka mtoto aitwe jina la mama yake yeye, aliyekwisha fariki. Jirani Veneranda, mwenye mashine ya kusaga, hakujaliwa kuzaa. Alitaka jina lake lisifukiwe naye. Na mke wa mzee, Bibi Skola, alilitaka jina la mama yake mzazi, ila yeye alibaki jikoni. Nitawaambia kwa nini.

Jumanne Joramu akafungua boneti. Wakapiga stata: ng'we, ng'we, ng'we, kimya.

"Baba, moto haufiki kwenye plagi," akasema. Akasugua pointi zinazorusha moto kwa msasa, akasugua plagi, mpaka cheche ya buluu ikaruka ikamng'ata kidole. Wakapiga stata: ng'we, ng'we, ng'we, kimya.

Jumatano akaja Veneranda, kanga kiunoni. Akachovya kidole kwenye tangi, akanusa.

"Shemeji Aidani, hii ni petroli au togwa la wiki iliyopita?"

Akaimwaga, akatia mpya, akazibua kabureta kwa unyoya wa mmoja wa wale kuku wenye kiti. Wakapiga stata. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

"Imekohoa!" akapiga kigelegele.

"Babu yangu naye alikohoa hivyo hivyo," akasema Joramu, "tukamzika Jumapili."

Alhamisi Joramu akaingia uvunguni kutwa nzima, miguu nje. Injini haikuwaka, lakini alikuta paipu ya breki imeliwa na kutu, mafuta yote yamevuja. Akaiunga, akajaza mengine.

Sasa lile la Bibi Skola. Kwao, mama mkwe hasogei mahali mkwewe amejinyoosha, hata nyumba iwe inaungua. Siku tatu Joramu alikuwa garini. Siku tatu mama alikuwa jikoni, akichungulia moshi wake mwenyewe.

Ijumaa asubuhi Joramu akaenda kuoga. Bibi Skola akatoka na ndoo, akapita nyuma ya gari, akasimama.

"Baba Tumwitike! Gunzi langu mbona bado lipo?"

"Gunzi gani?"

"La bomba la moshi! Si nililiziba mwaka jana panya wasizalie humo? Nilijua mmelitoa siku ya kwanza, mafundi wakubwa nyie!"

Akalichomoa. Mzee akapiga stata. Gari likanguruma, kuku wakarukia paa, na moshi mweusi ukafunika kijiji mpaka majogoo wakadhani jua limetua.

Wakateremka mlima, wale watatu nyuma, Veneranda kakaa katikati awe ukuta kati ya mkwe na mama mkwe. Kwenye kona kali mzee akakanyaga breki. Zikashika. Hapo ugomvi ukaanza, wakimpigia mzee kelele kupitia dirisha lisilo kioo.

"Baba, mwambie mama," akasema Joramu, "moto niliuleta mimi. Na bila mimi, saa hizi tuko korongoni!"

"Moto bila petroli unaunguza nini?" akasema Veneranda. "Injini ilikuwa maiti. Mimi ndiye niliyeikohoza!"

"Mume wangu, mwambie mkweo," akasema Bibi Skola, "gari limewaka mkononi mwa nani?"

"Baba, mwambie mama gunzi ni lake mwenyewe!"

"Mwambie ndiyo, ni langu! Lisingekuwepo, gari lingewaka Jumatano, mngekaa mkingoja Ijumaa, na hakuna ambaye angelala uvunguni kuiona hiyo paipu. Breki mmezipata kwa sababu ya gunzi!"

Mzee Aidani akakaza usukani. Kila aliyesema, aliona amesema kweli. Na kila aliyemaliza kusema, aliuona uso wake ukimsubiri kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

Wakafika. Tumwitike akatoka taratibu, anacheka, mtoto kifuani. Nesi akashika kadi na kalamu.

"Babu, mtoto anaitwa nani?"

Watatu wakamgeukia mzee. Mzee akafungua mdomo.

Nami naufunga wangu hapo. Ninyi mliokaa mkicheka, nesi anasubiri: mwenye moto, mwenye petroli au mwenye gunzi, nani ampe mtoto jina?