Almasi ya Waridi na Mkono wa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kitopeni, palikuwa na sultani jina lake Mudhihiri, mtu mwenye mali nyingi na akili ya kuazima. Naye alikuwa na pete ya almasi, si almasi nyeupe kama za wenzake, bali ya rangi ya waridi, ambayo sonara aliyeitengeneza aliapa kwamba hajapata kuiona nyingine. Basi tangu siku ile sultani akawa hana neno jingine. Akiulizwa habari za mvua, hunyoosha kidole cha mkono wa kulia watu waione pete.

Ikawa hofu ikamwingia, akadhani rangi ya jiwe ni kama hina, maji yataifuta. Akamuuliza waziri, na waziri, ambaye hakupata kumpinga bwana wake hata siku moja, akasema ndivyo. Basi sultani akaacha kunawa mkono wa kulia. Akawa anakula pilau kwa mkono ule ule, samli ikichuruzika hadi kwenye pete, kisha anajifuta kwa kitambaa akilikwepa jiwe. Na watu wazima wenye vilemba waliubusu mkono ule wakisema unanukia miski. Miski gani! Paka wa jumbani walikuwa wakimfuata nyuma.

Haukupita muda, jiwe likafifia, likawa kama tope. Sultani akapiga kelele kwamba ameibiwa rangi. Akamkamata Mize, mjane aliyekuwa akishika birika na bakuli la kunawia wageni, akadai kuwa maji yake yameruka yakaichukua. Akaapa mbele ya kadhi na baraza zima kwamba mwizi wa rangi ile, awe nani, atakatwa mkono Ijumaa baada ya sala. Mize akalia, akasema mkono huo ndio unaowalisha wanawe. Hakuna aliyemsikiliza.

Alikuwako mjini fukara mmoja, Kondo Mapengo, ambaye watu walimwita mpumbavu kwa sababu husema alionalo. Kondo aliishi kwa ukoko aliopewa na Mize mlangoni pa jikoni, basi aliposikia habari hiyo moyo ulimuuma sana. Siku ya Alhamisi akaenda barazani na kanzu yake ya viraka, akasema Mize hakuiba, na kwamba yeye anamjua mwizi.

Sultani akamtazama kwa dharau, akasema, "Ewe mpumbavu, niletee mwizi huyo, na rangi yangu iwe ingali mkononi mwake. Usipoweza, mtakatwa mikono nyote wawili."

"Nimesikia, Maulana. Naomba maji ya moto na sabuni, na Mize ashike birika."

Baraza likaangua kicheko. Vikaletwa, naye Mize akatolewa kifungoni. Kondo akapiga magoti kama mtu atakaye kuubusu mkono wa sultani, akaukamata kwelikweli, akautia bakulini, pete na yote. Sultani akapiga ukelele, askari wakachomoa majambia, lakini Mize alikwisha kumimina. Maji yakawa ya manjano, yakaelea mafuta na punje za wali na kitunguu cha sikukuu iliyopita. Kondo akasugua, akasuuza, akauinua mkono juu. Jiwe likawaka, waridi tupu.

"Maulana, ulitaka mwizi, na rangi iwe ingali mkononi mwake," akasema. "Mwizi huyu hapa, na rangi hii hapa. Ijumaa ni kesho, na mkono umekwisha kuoshwa."

Kadhi, aliyekuwa ameubusu mkono ule asubuhi, akajifuta midomo. Sultani akamtazama waziri, waziri akatazama dari. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ya huyu aliye hai ilionwa na baraza zima. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba mwizi amesamehewa, na Mize afunguliwe, na Kondo awe akila naye sinia moja kila siku.

Kondo akashukuru, akasema atakula, ila sultani atangulie kunawa.

Basi Mize akarudi kwenye birika lake. Na kila wageni wakubwa walipokuja, alimmiminia sultani maji mkono wa kushoto, akasita, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Na wa kulia, Maulana." Naye sultani, mwenye almasi isiyo na mfano duniani, akautoa.

Hekaya yangu imekomea bakulini. Aliyekula na anawe.