Pimbi na Mkono Unaoteleza

Nawagongea, jamani.
Tunakufungulia.
Nimekuja mbio.
Ingia, useme.

Haya, sogeeni karibu nisije nikapaza sauti. Usiku wa manane, pangoni kwenye majabali, ilisikika: pa! Kisha kimya. Kisha sauti nene ikasema, "Nisamehe mpenzi, mkono uliteleza."

Aliyepigwa ni Pimbi, kile kinyama cha mawe, kidogo hata kikapuni kinaenea na nafasi inabaki. Aliyepiga ni Fisi. Tena Fisi jike, na Pimbi jike, wote majike, walipendana wenyewe wakahamia pango moja, na mwanzoni ilikuwa raha tupu, Fisi anamletea majani laini ya mlimani, anamtoa viroboto, anamwita roho yangu. Baadaye akaanza. Umetoka wapi? Umeongea na nani? Mbona umecheka na Kanga? Pa! Nisamehe mpenzi, mkono uliteleza. Kesho yake majani laini. Keshokutwa, pa!

Jabali la pili alikaa Paa na mchumba wake Nyati, dume la pembe na kifua. Huko nako, pa! Sauti nene zaidi, maneno yaleyale: "Nisamehe mpenzi, mkono uliteleza." Nyati ana kwato, mkono kautoa wapi, msiniulize mimi, ngano haiulizwi.

Pimbi akamwendea Paa. "Dada, mimi na wewe tunaumwa ugonjwa mmoja. Twende barazani."

"Ugonjwa mmoja wapi?" Paa akamwambia. "Wangu ni dume. Wewe unapigwa na jike mwenzako, hata aibu huoni?"

"Shavu langu halijauliza aliyelipiga ni nani. Limevimba tu."

Paa akashika shavu lake. Wakaenda.

Msiseme wangekimbia tu. Sheria ya pale ilikuwa hivi: anayetoka pangoni bila neno la baraza hurudishwa, na mwenye pango anamngoja mlangoni. Fisi alikuwa ameshamwambia Pimbi, "Ukirudishwa, shavu nitaliacha. Nitavunja mguu." Kwa hiyo Pimbi alitaka neno moja tu kutoka barazani. Nenda. Basi.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mzee Kiboko, amelala kwenye dimbwi lake, puani tu ndiko kunakoonekana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kampiga nani?"

"Nyati kanipiga mimi," akasema Paa.

"Dume?"

"Dume."

"Dume hupiga. Asipopiga, utajuaje kama anakupenda? Nenda nyumbani." Bubububu, akazama.

Akaibuka. "Na wewe, kadogo?"

"Fisi kanipiga."

"Dume?"

"Jike, mzee."

"Kwenu dume ni nani?"

"Hakuna."

"Basi hakuna aliyepiga. Majike hugongana tu kama vyungu jikoni. Nenda nyumbani." Bubububu, akazama.

Njiani Paa analia, Pimbi anacheka.

"Unacheka nini, na jino lako lenyewe linacheza?"

"Kukiwa na dume hakuna kesi. Kusipokuwa na dume hakuna kesi. Mzee kafunga mlango wa mbele na wa nyuma. Sisi tutapita dirishani."

Mwaka ule mvua ilichelewa. Na mvua ikichelewa, wanyama wana desturi yao, wanagawana asali ya mvua. Kila mwenye pango hupewa sega moja kiganjani, alile palepale mbele za watu. Sega likidondoka mchangani, mvua inageuka njiani. Na mkono uliompiga wa pangoni mwake kwa kusudi hauligusi, maana huo ndio unaofukuza mvua kabisa; mwenye mkono huo hukaa peke yake mpaka nyasi ziote. Desturi hiyo wote waliijua, ila mbele ya asali nani anakumbuka.

Siku ikafika. Wanyama wamejipanga, masega yanameremeta, ndo, ndo, ndo. Fisi mate yanamtoka mpaka magotini. Mtasema fisi hali asali? Fisi anakula hata kamba ya kiatu.

Kiboko akainua sega la Fisi ampe. Pimbi akasema kwa upole kabisa, "Mzee, huyu usimpe. Mkono wake unateleza."

"Unateleza?"

"Ananiambia mwenyewe. Juzi uliteleza, jana uliteleza, leo alfajiri umeteleza. Sega litadondoka."

Paa naye akajipenyeza mbele, akasema. "Na wa Nyati pia, mzee. Unateleza sana."

"Basi masega yao apewe Nyani," akasema Kiboko.

Nyani akanyoosha mikono yote miwili. Fisi akaona asali inampita puani, roho ikamtoka. "Mwongo huyu! Mkono wangu haujateleza hata siku moja. Kila nilipompiga nilikusudia."

"Na mimi," akanguruma Nyati. "Kwani mimi mlevi? Mimi nikipiga nalenga."

Hata Kanga waliacha kuparura.

Kiboko akawatazama. Akataka kuuliza dume ni nani, mdomo ulishaanza kufunguka, "Kwani pale kwenu du..."

"Mzee," akasema Pimbi, "mvua nayo itauliza?"

Kiboko akatazama dimbwi lake. Maji yalibaki ya kulowesha leso. Akafunga mdomo, akaufungua tena. "Fisi, kaa peke yako. Nyati, kaa peke yako. Nyinyi wawili, nendeni mnakotaka, na atakayewafuata asije kunywa kwangu."

Fisi akapiga magoti. "Mpenzi, ulimi uliteleza."

"Pole," akasema Pimbi, akapanda majabali, krr, krr, krr, miguu yote minne mizima, na Paa nyuma yake.

Hawajakaa vizuri, Swala huyo, ananong'ona. "Shangazi Pimbi, mimi mchumba wangu naye... nifundishe ulivyofanya." Akafundishwa, akaapa hatamwambia mtu. Akamwambia Digidigi, naye akaapa. Digidigi akamwambia Kanga, na Kanga mnamjua.

Sasa funzo, wanangu, mlishike. Mambo ya pangoni yaishie pangoni. Jike mwema hafungui mdomo. Anayepigwa ajue anapendwa. Ndivyo nilivyofundishwa, na tazameni Pimbi asiyesikia: angenyamaza, leo angekuwa na pango zuri, majani laini, na miguu mizima mitatu.

Ngano imechoka, inalala.
Ilale salama.
Na mliyoyasikia kwangu?
Tumesikia sisi tu. Hatumwambii mtu mwingine.