Toba Aliyoiiba Mzee Kiboko

Hodi, wenye macho!
— Pita, mwenye mdomo!
Nimebeba kitu.
— Kitue!
Kina uongo ndani.
— Ndio utamu wake!

Haya, sogeeni. Na wewe acha kutafuna, hadithi inataka masikio, haitaki meno.

Zamani hizo wanyama wana kanisa lao bondeni, kulikuwa na bibi mmoja, Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Kanyama ka majabalini, hakana mkia, ukikaona unasema panya kashiba. Sasa huyu bibi mikono yake ilikuwa haitulii. Akiamka, anasuka mkeka. Akichoka mkeka, anafinyanga chungu. Akichoka chungu, anatunga wimbo wa kwaya. Ukungu wa asubuhi ukipanda kutoka mtoni unamkuta anasuka, unamzunguka polepole, unaendelea na safari yake.

Uzeeni kabisa, wajukuu wameshahama mwamba, meno yameshaanza kuaga, jambo jipya likamjia. Alikuwa amesinzia mchana juu ya mkeka ambao haujaisha, akaota mdiria. Si mnamjua, yule ndege wa buluu wa mtoni? Mdiria kapoteza sauti. Anaogopa Mungu hatamsikia tena. Basi anaomba kwa mabawa. Pa, pa, pa, juu ya maji, taratibu, na kila pa inaacha duara, na duara linakwenda, linakwenda, mpaka halionekani.

Bi Pimbi akaamka mashavu yamelowa. Akachukua gome kavu la mgomba, akachovya kijiti kwenye masizi, akaanza kuandika.

"Bibi, unaandika nini?" akauliza jirani yake, Mama Kanga.

"Hadithi ya mtu na Mungu wake."

"Ilimtokea nani?"

"Haikumtokea mtu. Nimeiota."

"Ka-ka-ka! Bibi naye! Leo ndio unaanza kuandika, na huo mgongo?"

"Mgongo haushiki kijiti, mwanangu."

Akaendelea. Asubuhi mkeka, mchana hadithi, jioni wimbo. Saa nyingine hata mwenyewe hajui anafanya kipi. Mdiria anapita katikati ya ukili, wimbo unaingia chunguni, na aliyechota maji kwa chungu kile anaapa kwamba maji yananong'ona.

Kitu kimoja tu alikitaka. Mikeka yake watu waliikanyaga. Vyungu vyake vilivunjika. Nyimbo zake bonde zima liliimba, na hakuna aliyeuliza katunga nani. Hii hadithi alitaka isomwe Sikukuu ya Mavuno, siku ambayo kila mtu analeta madhabahuni kazi ya mikono yake, na watu wote wasikie: hii ni ya Bi Pimbi. Mara moja tu, kabla hajafa.

Sasa bondeni alikuwepo Mzee Kiboko. Mzee wa kanisa, bonge la mtu, benchi zima anakaa peke yake. Chakula chako, chake. Kivuli chako, chake. Sifa yako, hiyo ndiyo kabisa. Na kule kando ya mto maboga ya watu yalikuwa yanapotea, zinabaki nyayo kubwa kama masinia. Kila mtu anaziona, kila mtu anasema, "Mafuriko haya." Nani amwambie?

Siku moja ardhi ikalia. Ti! Ti! Ti! Mlango wa Bi Pimbi ukaingia giza. Puuuf!

"We Pimbi! Nasikia una hadithi."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Lete."

Akasoma. Midomo inacheza, pumzi inapeperusha magome.

"Tamu," akasema. "Nitaisoma mimi sikukuu. Iwe yangu."

"Mzee, si nimeiandika mimi?"

"Wewe nani atakuona pale mbele? Hata kitambaa cha meza kinakuzidi kimo! Ukikataa, nakaa hapa mlangoni. Nikikaa mimi, bibi, utatoka Krismasi."

Bi Pimbi akatazama huku na huku. Mwamba wake ulikuwa na mlango mmoja.

"Halafu," Kiboko akasema, "shujaa mdogo mno. Mdiria! Ndege wa kushika kiganjani! Mimi nitasimamaje na kadege? Niandikie mkubwa. Nakuja kesho."

Ti! Ti! Ti! Akaondoka.

Bi Pimbi akajilaza. Hakulia. Jua liliingia kidogo kidogo mlangoni, likapanda mkeka, likampanda na yeye. Akaota tena. Mdiria katua juu ya bega la Kiboko, na Kiboko hajui. Mdiria anamtazama bibi tu, jicho jeusi, kama anasema, mpe anachotaka.

Akaamka anacheka peke yake.

Maana pale kanisani kwao watu walijua vitu viwili tu, Neno na ushuhuda. Mtu akisimama akasimulia, kasimulia yake. Hadithi ya kubuni walikuwa hawajawahi kuisikia. Na mtu akiungama, desturi ilikuwa wazi: anakaa benchi la toba, anarudisha alichochukua, ndipo anapokewa kundini.

Kesho yake, ti! ti! ti!

"Umeniwekea mkubwa?"

"Mkubwa, Mzee."

"Ana mdomo?"

"Anao. Ukifunguka, bonde linapata kivuli."

"Mmh! Ana tumbo?"

"Analo. Likipita, njia inapisha."

"Mmmh! Ana dhambi?"

"Mzee, hadithi ya kanisani bila dhambi ni mchuzi bila chumvi. Kala maboga ya jirani zake."

"Mengi?"

"Unataka mengi?"

"Weka mengi! Dhambi za shujaa wangu zisishindwe na za mtu yeyote!"

"Nimeweka. Na mwishoni analia."

"Nitalia vizuri," akasema Kiboko. Akabeba magome yake huyo, ti! ti! ti!, hata asante hakusema. Ya mdiria aliyaacha sakafuni. Bi Pimbi akayaokota, akayafunga ndani ya mkeka.

Sikukuu ikafika. Ukungu ulikuwa mzito, kanisa likawa kama linaelea. Mama Kanga kaleta mtama. Nyani kaleta ndizi, moja kala njiani. Bi Pimbi kakaa nyuma na ukili wake, anasuka.

Mzee Kiboko akasimama. "Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Hii ni yangu! Imetoka humu kifuani, msije mkasema ya mtu!"

Akasoma. Paliishi mkubwa mmoja mtoni. Watu wakasema, mmm. Alikuwa na mdomo wa kivuli. Mmmh. Watu wakilala, alipanda kingo, akala maboga. Mmmmh! Kila alipokula, mto ulimnong'oneza jina lake, naye akaziba masikio kwa matope. Mpaka siku moja matope yakaisha. Hapo Kiboko akalia. Boooh! Boooh! Machozi yakashuka, benchi la mbele likalowa. Na kweli ilikuwa nzuri, jamani. Hata mijusi ukutani ilisimama.

Halafu:

"Ka-ka-ka! Maboga yangu! Kumbe ni yeye!"

"Na yangu!"

"Haleluya, kaungama!"

Mchungaji Korongo akashuka madhabahuni na miguu yake mirefu, akamkumbatia shingo, mkono ukaishia njiani. "Mzee wetu, tumekuombea sana. Karibu benchi la toba. Utafunga, utalima bustani ya kila mmoja uliyemlia maboga, halafu tutakupokea."

"Ngoja, ngoja! Hiyo ni hadithi tu!"

"Hadithi ina machozi?"

"Si umesema yako?" Nyani akapayuka. "Imetoka kifuani!"

"Siyo yangu!"

"Ya nani?"

Kiboko akageuza shingo. Akamwona Bi Pimbi kule nyuma, anasuka tu, hata kichwa hajainua.

"Ya nani?" kanisa zima likauliza.

Akatazama benchi la toba. Jembamba. Akatazama majembe, yameshaanza kuletwa.

"YA BI PIMBI!"

Mdomo wote ule, jamani! Jina likatoka mlangoni, likagonga majabali, likarudi, likateremka na mto. Pimbi... imbi... mbi... Wa ng'ambo wakasikia. Samaki wakasikia. Bi Pimbi mkono ukasimama kwenye ukili, kwa mara ya kwanza toka azaliwe.

"Kumbe na hadithi umeiba?" akasema Mchungaji. "Basi kaa, Mzee, benchi ni lako."

"Na maboga?" akauliza Mama Kanga.

Kiboko akataka kukataa, lakini tumbo lake, gururuuu, likajibu.

Bi Pimbi wakamsimamisha juu ya ngoma ili aonekane. Akakunjua mkeka, akatoa magome ya mdiria, akasoma kwa sauti ndogo. Pa, pa, pa, juu ya maji. Ukungu ukaingia dirishani na wenyewe, ukakaa chini, ukasikiliza.

Alipomaliza, Mama Kanga akaja anafuta macho, akamshika mkono.

"Pole, bibi. Tumekaa jirani miaka yote, sikujua kama ulipoteza sauti."

Bi Pimbi akamtazama. Akafikiria kumweleza habari ya kubuni. Akaona siku yenyewe nzuri, ya nini.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Imepatikana."

Funzo? Lipo. Ukishazeeka usianze jambo jipya, kaa na mkeka wako utulie. Na ukiona kazi ya mwenzio ni nzuri, iibe haraka, maana bila mwizi mwenye mdomo mkubwa nani angemjua mwenye nayo?

Hadithi imechoka miguu, imekaa chini. Anayeitaka aibebe mgongoni. Asiyeitaka aipishe, ipumzike.