Maji Hufurika kwa Asiyeziba

Maji hufurika kwa asiyeziba. Mmemsikia mama yenu akilitamka neno hilo leo asubuhi, mkaja kuniuliza limetoka wapi. Kaeni basi, na wewe uliye mlangoni ingia. Methali hii ilianza hivi, katika nyumba ya Bi Somoe wa Lindi.

Bi Somoe alikuwa mjane, na sifa yake mtaani ilikuwa masufuria. Yaling'aa hata mtu akaweza kujifunga kilemba akijitazama humo. Waliotumia sabuni ya dukani aliwacheka. Yeye alisugua kwa chicha za nazi na majivu ya jikoni, kama alivyofundishwa na mama yake kijijini, ambako maji ya vyombo yalimwagwa kwenye shina la mgomba, na mgomba ukanenepa.

Mwanawe Mfaume alipooa, alimjengea mama yake sinki jikoni. Bomba lake lilipita chini ya sakafu, likaungana na la bafuni, kisha yote yakaelekea shimoni nyuma ya nyumba. Bafu lenyewe lilikuwa ubavuni mwa chumba cha Mfaume na mkewe Arafa. Bi Somoe hakuliingia. Aliendelea kuogea uani, kwenye kibanda chake cha makuti, akisema yeye si mgonjwa hata aoge ndani ya nyumba.

Mwaka haukuisha, bafu likaanza kufurika. Maji ya kijivu yenye utando yalipanda kwenye tundu la sakafu, yakavuka kizingiti, yakalowesha mkeka na godoro la Arafa. Kule jikoni, sinki la Bi Somoe lilimeza maji bila kusitasita.

"Ni nywele," Bi Somoe alimwambia mkwewe. "Kichwa chako chote kimo bombani."

"Nywele zangu nazifukia, mama. Kila nikichana nazikusanya, nazifukia chini ya mndimu. Nani atupe nywele zake ovyo, wabaya waziokote?"

"Zote?"

"Zote."

"Za kichwani tu hesabu yake huijui, za ardhini utazijuaje?"

Mfaume alichokoa kwa waya. Maji yakashuka siku mbili, yakarudi. Yalipofurika mara ya tatu, Bi Somoe alikuwa ameshatangaza habari ya nywele mtaa mzima. Akamwita mwanawe, Arafa akisikia. "Mke huyu ama anyoe, ama arudi kwao."

Mfaume akatazama chini. Arafa hakungoja ainue uso. Alifunga kanga zake, akaenda kwa shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka pale, akatuma neno Kilwa kaka yake aje kumchukua.

Bi Somoe alisafisha bafu, akalipiga kufuli, akamwambia Mfaume naye aogee uani. "Sasa tutaona," alisema.

Kesho yake alipika wali wa nazi, akasugua masufuria yake, akayasuuza. Akasikia mgugumio upande wa pili wa ukuta. Alipofungua kufuli, bafu lilikuwa limejaa hadi kizingitini.

"Arafa!" aliita. Kisha akakumbuka.

Akamwita Mfaume. "Umeoga?"

"Nimeoga uani, mama. Si umenipa taulo mwenyewe?"

"Basi nani anaoga humu?"

"Mama, ufunguo unao wewe."

Bi Somoe alikagua dirisha. Hata paka asingepita. Alichoma ubani, akasoma alichokijua. Maji yakashuka polepole, naye akashukuru. Asubuhi akaosha sufuria ya uji, maji yakapanda tena. Jirani akamnong'oneza kwamba pengine mkwewe ameacha kitu humo. Bi Somoe alitaka sana kuamini. Lakini alikuwa amemwona Arafa akiondoka na kanga mbili na machozi, na kanga zile zilikuwa zimeloa maji yaleyale ya bafu. Kichwa kikamzunguka. Mtuhumiwa hayupo, kosa lipo palepale. Kaka yake Arafa alikuwa anakuja Ijumaa, na siku ile ilikuwa Alhamisi.

Ndipo akaita fundi wa mabomba, Mzee Nangumbi. Mzee alizunguka nyumba, akachungulia sinki, akachungulia bafu, kisha akaomba buluu ya kufulia nguo.

"Nimekuita uzibue, sikukuita ufue."

"Nipatie tu, bi mkubwa."

Akaikoroga kwenye ndoo, akamimina sinkini. Maji yakashuka vizuri.

"Unaona?" alisema Bi Somoe. "Sinki langu halina neno."

"Twende bafuni."

Wakasimama mlangoni. Tundu likagugumia. Maji yakapanda, buluu tupu, yakatambaa hadi miguuni mwa Bi Somoe. Alitazama ukuta wa jikoni, akatazama miguu yake.

"Yamefikaje huku?"

"Sinki liko juu, tundu hili liko chini. Bomba likiziba kule mbele, maji yako hayakurudii wewe. Yanatafuta wa chini."

Nyuma ya nyumba Mzee Nangumbi alifunua mfuniko wa chemba, kishimo cha kuzibulia bomba, akaingiza chuma chenye ndoana, akavuta tonge refu la kijivu, gumu kama mche wa sabuni. Alipolivunja, harufu ya nazi iliyochacha ikawapiga.

"Nywele zimo?" aliuliza Bi Somoe, sauti ndogo.

"Tafuta."

Alichuchumaa, akachambua kwa vidole vyake. Chicha na majivu, majivu na chicha. Hakukuta hata unywele mmoja.

"Majivu na mafuta ya nazi yakilala pamoja yanaganda," alisema mzee. "Mgomba hauna shida nayo. Bomba si mgomba."

Ijumaa asubuhi Bi Somoe alikwenda nyumba ya tatu. Kaka mtu alikuwa ameshafika, amekaa barazani, mfuko kati ya miguu. Arafa akatoka.

"Shikamoo, mama."

"Ngoja kwanza. Marahaba nitaisema nikiistahili." Akafumbua kiganja, pande la kijivu ndani yake. "Hii ni chicha yangu. Mimi ndiye niliyeziba, maji yakafurika kwako."

Shangazi akadakia kutoka ndani, "Na zile nywele ulizotutangazia?"

"Hata mmoja haukuwamo."

"Mdomo uliokwenda nao huko nyumba kwa nyumba bado unao. Zunguka tena."

Arafa alisema amechoka, anataka kupumzika kwao kwanza. Akapanda gari na kaka yake, na hakuna aliyemzuia.

Bi Somoe akazunguka. Kila mlango alipiga hodi, akasema yaleyale: mimi niliziba, maji yakafurika kwa asiyeziba. Wengine walicheka. Wengine walishindwa kumtazama usoni, maana nao waliichekea habari ya nywele. Mwezi ulipokwisha, alifuatana na Mfaume hadi Kilwa, akaomba mbele ya wazazi wa Arafa, naye Arafa akarudi nao.

Tangu hapo, mtu wa mtaa ule akikutwa na mashaka mlangoni pake, wenzake hawakimbilii kumuuliza amefanya nini. Wanaufuata mkondo kwanza, waone umeanzia wapi, na kila mmoja anaanza kuangalia jikoni kwake. Maji, wajukuu zangu, hufurika kwa asiyeziba.