Kwa Nini Mabwana wa Uingereza Huitwa kwa Jina la Ardhi

Zamani hizo, huko Uingereza, cheo cha ubwana kiligawanywa kama nyama ya sherehe. Bwana akifa, kila mwanawe wa kiume alichukua kipande cha ardhi na kipande cha cheo, na kila mmoja alitaka aamkiwe kwanza. Palikuwa na kijiji kimoja chenye mabwana kumi na mmoja, na mmoja wao alitawala mti wa tufaha na nusu ya daraja. Usicheke, mwenyewe alijivuna sana.

Katika bonde la Merefeld walikaa ndugu wawili, Osbert na Hamo, wana wa marehemu Bwana Godrik. Osbert, mkubwa, alikuwa na mke, watoto watatu, na mguu uliovunjika utotoni ukaungwa vibaya. Hamo, mdogo, hakuwa na mke wala mtoto, ila alilijua bonde kuliko mtu yeyote: kisima gani hukauka mapema, kondoo yupi huzaa mapacha. Alilipenda bonde lile kama wengine wanavyowapenda watu.

Matanga ya baba yao yalipokwisha, akaja mjumbe wa mfalme kushuhudia mgawanyo. Alikuta kamba za mipaka zimeshavutwa.

"Sheria mnaijua," akasema. "Kila bwana hutoa mpanda farasi mmoja wa vita, mwenye deraya kamili. Asiyeweza, ardhi yake inarudi kwa mfalme."

Ndugu wakatazamana. Merefeld nzima, tena kwa kujinyima, iliweza kumtoa mpanda farasi mmoja tu. Nusu yake isingeweza.

"Tutatoa mmoja, kwa zamu," Osbert akasema, wala hakuwa akitania.

"Mfalme haendi vitani kwa zamu," mjumbe akamjibu. "Nawapa hadi kesho adhuhuri."

Siku ile Hamo alilizunguka bonde kwa miguu, zizi kwa zizi, kijito kwa kijito. Moyo ulimuuma, na hakuona aibu kulia mbele ya wachungaji. Lakini alijua kwamba yeye angeweza kuanza maisha popote. Kaka yake, na mguu ule na watoto wale, asingefika hata bonde la pili.

Kesho yake akazikunja zile kamba kwa mikono yake mwenyewe.

"Kaka, chukua ardhi yote, na cheo chote," akasema. "Ila nina ombi. Kuanzia leo usiitwe tena Osbert. Uitwe Merefeld. Nikiwa mbali, habari zako zikinifikia, nataka nisikie kwetu kunatajwa."

"Mdogo wangu," Osbert akasema, akamshika mkono. Alikubali kwa kichwa tu. Hamo akapanda farasi mzee, akaondoka.

Watu wa mabonde jirani walipoona Merefeld imesalimika, wakaiga, bila hata mmoja kuuliza mkubwa yule aliachiwa kwa sababu gani.

Na tangu siku hiyo, mabwana wa Uingereza humwachia mwana wa kwanza wa kiume kila kitu, hata akiwa mzima wa miguu yote miwili, naye hulivaa jina la ardhi, lake mwenyewe likabaki kutumiwa na mama yake tu. Wadogo huondoka na heshima ya maneno matupu. Na jina lile likitajwa ukumbini, wao husikia kwao kunaitwa, na anayeitika ni mwingine.