Mdakaji Aliyeangusha Mipira Yote

"Kwani timu yetu ni jaa la kutupia wachezaji mliowachoka?" Nahodha Zamda alimuuliza Bwana Kitogo. Ligi ya besiboli ilikuwa mapumzikoni. Bwana Kitogo, mwenye timu tajiri na mwenye uwanja ambao timu ya Zamda ilifanyia mazoezi, alimtaka mpigaji wao hodari, Shungu, na wasingeweza kumkatalia. Badala yake angetoa mdakaji mmoja wa nyuma, wa kudaka mipira iliyopigwa mbali, atakayemchagua yeye mwenyewe.

"Haya, mzee," Zamda alisema. "Basi niwajaribu wadakaji wako watatu, nijue napewa nini."

"Jaribu, binti. Macho hayana pazia."

Zamda aliwapanga uwanjani mwenyewe, akashika gongo. Wawili walidaka kila mpira. Wa tatu, Mwanaidi, aliangusha yote minne.

"Huyu simtaki!" Zamda alilia. "Mzee, nionee huruma!"

Bwana Kitogo alicheka akashika mbavu. "Ndiye huyohuyo! Tia sahihi."

Zamda alitia sahihi huku akipangusa machozi. Nje ya geti, alimshika Mwanaidi mkono.

"Nisamehe, mdogo wangu. Wenzako niliwapa jua kisogoni, wewe nikakuelekeza magharibi saa kumi na moja jioni, jua likupige machoni. Msimu mzima ni wewe tu uliyekuwa ukiidaka mipira yangu. Kesho njoo na kofia."