Vidole Vinne Kulia

Wapendwa, nitawasimulia habari ya mwindaji. Najua wengi wetu hapa hatujawahi kushika bunduki, kwa hiyo naomba mnivumilie hadi mwisho kabla ya kusema kwamba habari hii haituhusu.

Alikuwepo mwindaji mmoja katika kijiji chenye mawe makubwa na vichaka, kijiji ambacho kanga huingia katika mashamba ya mtama kana kwamba wamealikwa. Mtu huyu alikuwa na kibali, na alikuwa na bunduki ya upepo. Hiyo haitumii baruti. Unaijaza upepo kwa pampu, unaweka kirisasi kidogo kama punje ya hindi, na ukifyatua husikii zaidi ya mlio wa mtu aliyepiga kofi moja. Lakini ilikuwa bunduki ya shabaha hasa. Juu ya mtutu kulikuwa na darubini, na ndani ya darubini mistari miwili myembamba iliyokatana. Pale mistari inapokatana, ndipo kirisasi kinapokwenda. Siku ya kwanza aliweka kifuniko cha soda juu ya jiwe, mbali kama kutoka hapa madhabahuni hadi kule langoni, akakitoboa katikati.

Aliipata kwa mpima ardhi mmoja aliyekuwa anahama. Mpima ardhi alimpa pamoja na begi lake lenye sponji ndani, akamweleza kwamba chuma cha bunduki ile ni kigumu, ila darubini ni kitu cha kutunzwa kama jicho. Ikigongwa, asiwinde nayo mpaka aijaribu kwenye alama na kuinyoosha.

Mwindaji aliitikia. Lakini uwindaji si kazi ya begi la sponji. Kanga hawakusubiri ufungue zipu. Basi begi likabaki nyumbani, mke wake akawa anawekea nguo za mtoto aliyekuwa anatarajiwa, na bunduki ikaingia porini bila begi. Ilifungwa kwenye pikipiki juu ya magunia ya mkaa. Ilivushwa mtoni ikitumika kama fimbo ya kupimia kina cha maji. Ilinyeshewa, ikakauka, ikanyeshewa tena. Mbuzi waliiangusha ilipokuwa imeegemezwa ukutani. Kitako chake cha mbao kilipata ufa, akakifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi, na kazi ikaendelea.

Mnadhani ilivunjika? Haikuvunjika. Mlio ulikuwa uleule na nguvu ilikuwa ileile. Alijisifia mbele ya watu kwamba bunduki yake haijui kuugua.

Siku moja wakati wa mavuno pikipiki iliteleza kwenye mwamba, bunduki ikaanguka kwa upande wa darubini. Aliiokota, akaipangusa, akaona kioo hakina hata mkwaruzo. Kesho yake akamkosa kanga aliyekuwa amesimama wazi kabisa. Akashangaa. Akachora alama kwa mkaa kwenye kichuguu, akarudi nyuma hadi umbali aliozoea kuwindia, akapiga. Tundu lilitokea vidole vinne kushoto kwa alama. Akapiga tena. Vidole vinne kushoto.

Kuinyoosha darubini si jambo kubwa. Kuna skrubu mbili ndogo. Unazungusha kidogo, unapiga, unatazama, unazungusha tena, mpaka tundu lirudi kwenye alama. Ni kazi ya mchana mmoja, ila unarudi nyumbani bila nyama. Na asubuhi ile kanga walikuwa wanalia ng'ambo ya kichuguu. Je, wewe ungefanya nini?

Yeye alifanya hesabu fupi kichwani. Kama inapiga vidole vinne kushoto, basi mimi nitalenga vidole vinne kulia. Akaenda, akalenga pembeni ya kanga, mahali pasipo na kitu, akafyatua. Kanga akaanguka.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyezoea kuongozana naye, alikuwa amelala kifudifudi kando yake, akamuuliza kwa nini mtutu unatazama jiwe wakati kanga yuko huku.

"Mimi na hii bunduki tunaelewana," mwindaji akasema.

"Mngeelewana hivyo na dada yangu, pale nyumbani tungekuwa tunasikia redio, si ugomvi wenu."

Wakacheka. Na kicheko kile ndicho kilichofunga habari ya skrubu. Tangu siku ile hakufikiria tena kuinyoosha. Jicho lake lilizoea kwenda kulia lenyewe, mpaka akasahau kwamba linakwenda. Kanga walianguka, kwale walianguka, sungura walianguka. Kijiji kikasema hakuna mwenye shabaha kama yeye. Waliojua kwamba bunduki imepinda walikuwa wawili tu, yeye na shemeji yake. Mkewe hakujua.

Mkewe akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Minza. Alikuwa mtoto wao wa kwanza, na walikuwa wamemsubiri miaka mingi hadi watu wakaacha kuuliza. Mama akakaa ndani na mwanawe kama ilivyo desturi. Katika chumba kilekile waliweka magunia ya mtama, maana ghala lilikuwa linavuja, na penye mtama panya hawakosi, na penye panya mnajua nani hufuata.

Mchana mmoja mama alikuwa amelala na mtoto kifuani. Akafumbua macho, akaona boriti iliyo juu ya miguu yake inatembea. Alikuwa swila, nyoka yule mweusi mwenye sumu kali. Nusu ya mwili ilikuwa juu ya boriti, nusu imening'inia, na kichwa kilikuwa kati ya kitanda na mlango. Hakupiga kelele. Aliita kwa sauti ileile ambayo mtu huombea maji.

"Baba Minza. Njoo polepole. Usiingie."

Mwindaji akafika mlangoni na shemeji yake nyuma. Majirani waliokuwa uani wakasogea, wengine wakiwa bado wameshika ungo. Mtu mmoja akanong'ona kwamba bahati nzuri ni nyumba ya mwenye bunduki.

Shemeji akamvuta mwindaji mkono. Alisema wamwache nyoka, mlango ubaki wazi, watu waondoke, kwa sababu alifuata panya na hana ugomvi na mtu. Mama naye kutoka kitandani alisema taratibu kwamba nyoka hajamsogelea, na kwamba anaweza kuendelea kutulia. Nyoka alikuwa amekaa kimya, ulimi tu ukiingia na kutoka.

Lakini macho ya uani yote yalikuwa mgongoni kwa mwindaji. Mwenye shabaha kuliko wote, mkewe na mwanawe wako ndani, halafu aambiwe asubiri? Akaichukua bunduki. Shemeji akamsogelea sikioni.

"Ijaribu kwanza pale nje, hata mara moja."

"Muda uko wapi?"

"Shemeji, unajua inavyokwenda."

"Ndiyo maana naishika mimi."

Akapiga goti mlangoni. Mkewe akamtazama juu ya kichwa cha mtoto. Mtoto alikuwa ameanza kujinyonganyonga, anatafuta ziwa, na kila akijinyonga shuka lilicheza, na kila shuka lilipocheza kile kichwa cheusi kiligeuka kidogo.

"Baba Minza, una hakika?"

"Tulia. Hii bunduki naijua."

Mkewe akatulia. Akaweka kiganja juu ya mgongo wa mtoto, akaacha hata kupumua kwa nguvu. Mwindaji akaweka jicho kwenye darubini. Kwa kuwa nyoka alikuwa karibu, darubini ilionyesha ukungu, lakini kichwa alikiona. Na jicho lake, bila hata kuulizwa, likafanya kile lilichozoea. Likaenda vidole vinne kulia.

Akafyatua.

Kirisasi kilipita kulia kwa kichwa cha nyoka, kikachimba boriti. Vumbi likamwagika. Nyoka akaachia mti na kuanguka kitandani, mzima, mwenye hasira, juu ya shuka. Mama hakuwa na muda wa kufikiri. Alijigeuza akamlalia mtoto, mkono wake wa kushoto ukabaki nje, na nyoka akauma mkono ule. Shemeji ndiye aliyeingia na mchi wa kutwangia akammaliza. Wakampakia mama kwenye pikipiki, katikati ya wanaume wawili, mtoto akabebwa na jirani nyuma yao, wakaenda hospitali.

Mtoto hakuguswa. Mama hakufa, tumshukuru Mungu. Lakini nyama ya mkono ule ilioza, madaktari wakakata iliyooza, na vidole vikabaki vimekunjamana. Alipojaribu kumpakata mwanawe upande ule, mtoto aliteleza.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipokuwa nawapeleka.

Mwindaji hakuelewa. Alikuwa amelenga kama alivyolenga kila siku. Kanga wote wale wameanguka, kwa nini huyu mmoja, tena karibu hivi, amkose? Akarudi nyumbani, akachora alama ya mkaa ukutani mwa kile chumba, akapiga goti palepale mlangoni, akalenga alama yenyewe, akafyatua. Tundu lilikuwa karibu kabisa na alama. Limekwenda kushoto upana wa ukucha tu. Ndipo akaelewa. Kitu kilichopinda kikienda mbali hupotea sana, kikienda karibu hupotea kidogo. Vidole vinne vilikuwa vya porini. Ndani ya nyumba, kama angelenga kichwa tu, angekipata.

Akakimbilia hospitali kama mtu mwenye habari njema. Alitaka mkewe ajue kwamba haikuwa mkono wake kutetemeka, wala woga. Akakaa pembeni ya kitanda, akaeleza yote: pikipiki, mwamba, kichuguu, vidole vinne. Akamwonyesha kwa mikono jinsi mstari unavyopinda. Mkewe alisikiliza huku mtoto akinyonya.

"Kwa hiyo ulijua haipigi unapolenga," akasema.

Mwindaji akashusha ile mikono aliyokuwa akimwonyeshea.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno."

Mama hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Mimi nilitulia pale kitandani kwa sababu uliniambia unaijua," akasema. "Nilikuwa naweza kuruka. Nilikuwa naweza kumrusha mtoto kwa kaka yangu. Nilitulia kwa ajili ya neno lako."

Akamgeuza mtoto upande wa pili, polepole, kwa mkono mmoja.

Ndugu zangu, mwindaji alikwenda kueleza kwa nini alikosa. Mkewe hakuuliza kwa nini alikosa. Watu hukosa, na mtu akikukosea kwa bahati mbaya unaweza kumlilia na kumsamehe siku hiyohiyo. Yeye aliuliza, ulijua?

Sisi tuliokaa hapa tunajua tumepinda wapi. Tusidanganyane. Mimi najua pangu na wewe unajua pako. Tumeanguka mahali fulani, labda siku nyingi, na kwa nje hatuna mkwaruzo. Tunaimba, tunatoa sadaka, tunahudhuria misiba. Nguvu haijapungua. Mwenye hasira amejua azungumze na nani na asizungumze na nani, na anasifiwa kwa upole. Mwenye kunywa amejua anywe siku gani ili Jumapili asinuke. Mwenye kusema uongo amejua wale wasiouliza maswali, na anakaa karibu nao. Hakuna hata mmoja wetu aliyenyooka. Tumejifunza tu kulenga pembeni, na kwa kuwa kanga wanaanguka, tunadhani Mungu ameridhika.

Lakini hesabu ile tuliifanya kwa ajili ya umbali. Na watu wa mbali, majirani, wanakwaya wenzetu, hao tunaweza kuwalenga bila kukosa kwa miaka mingi. Siku hatari itakapoingia chumbani, pale ambapo hakuna nafasi ya kupiga hesabu, jicho litakwenda lilikozoea. Na atakayeumia ni yule wa karibu, aliyelala kimya akikutegemea.

Baba, kuna mtu nyumbani kwako ambaye ametulia sasa hivi kwa sababu ulimwambia atulie. Mama, mwanao hafungi mlango wa moyo wake kwako, kwa sababu anaamini unachosema ndicho unacholenga. Hawajui kuhusu mwamba. Hawajui kuhusu kichuguu. Wewe unajua.

Kunyooka si kazi ya mwaka mzima. Ni mchana mmoja wa kurudi nyumbani bila nyama, na aibu kidogo mbele ya wanaokusifia. Ni kumwendea Mungu na kusema, Bwana, nimepinda kwa kiasi hiki, na nimekuwa nikilenga pembeni. Ni kumwendea yule anayekutegemea na kumwambia ukweli huo wakati bado ana nafasi ya kuruka.

Mwambie leo. Usingoje aje akuulize akiwa amebaki na mkono mmoja.